Samaki Weupe wa Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha mbele ya mama mkwe, mbele ya kapita wa kijiji chake, na mbele ya samaki. Sijui kati ya hao watatu ni nani aliyeniangalia vibaya zaidi. (Nadhani ni samaki.)

Ndugu zangu wa grupu, naandika nikiwa juu ya kilima, mbele kidogo ya Wamaza, mahali pekee huku simu inaposhika mtandao. Suruali yangu bado inachuruzika maji. Afadhali mnisikie mimi kabla ya kumsikia Shabani, motari wangu wa pikipiki, maana mdomo wake mnaujua.

Basi, asubuhi. Niko nyumbani Kasongo, nakunywa chai kwa mihogo, Jumamosi tulivu, sina habari na mtu. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume nisiyemjua, amepanda kilima hiki hiki kuniletea ujumbe wa mama mkwe wangu.

"Mama Riziki anasema mukwe akuje leo leo. Saa sita wanafunga bwawa yake. Wanasema samaki imekuwa nyeupe. Wanasema ni weye."

"Ni mimi nini?"

Simu ikakatika.

Mke wangu Riziki alikuwa amesikia. Akaweka kikombe chini polepole. "Wanafunga bwawa la papa?"

Bwawa lile lilichimbwa na baba yake, marehemu Papa Dokta, aliyekuwa muuguzi wa kituo cha afya kwa miaka mingi. (Hakuwa daktari, lakini kwetu ukivaa bluzi nyeupe, lile koti la hospitali, na kushika sindano, mambo ya diploma hayamhusu mtu.) Alipofariki mwaka jana alimwachia mama mkwe nyumba, shamba la mpunga na bwawa la tilapia. Ndilo linalomlisha.

Sasa kwa nini mimi? Hapa inabidi nitubu kidogo. Mnakumbuka nilivyokwenda nchi ya jirani miezi mitatu, katika maabara ya utafiti inayofuga samaki. Vijisamaki vyenye mistari, urefu wa kidole kidogo. Pale wataalamu wanachukua yai la samaki likiwa limetagwa sasa hivi, halijagawanyika hata mara moja, wanalichoma kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Ndani ya sindano kuna kitu wanachokiita mkasi, lakini si cha chuma. Kinakwenda hadi kwenye jeni moja waliyoichagua, kinaikata. Halafu wanasubiri waone samaki atakosa nini. Kama amekosa kusikia, jeni ile ilikuwa ya masikio. Kama moyo umekaa upande, ilikuwa ya moyo. Jeni nyingi za samaki tunazo na sisi, kwa hiyo wanajifunza magonjwa ya watu.

Niliporudi niliwaambia ninyi wote kwamba nilikuwa nakata jeni. Shuleni ninakofundisha wakaanza kuniita Profesere. Sikukataa.

(Nilikuwa naosha mabeseni. Basi, nimesema. Nilikuwa naosha mabeseni ya samaki, nabadilisha maji, natupa uchafu. Sindano niliiona kwa nyuma ya kioo.)

Tena kuna jambo moja la kule sijawahi kumwambia mtu. Kulikuwa na chumba cha samaki waliokatwa jeni za rangi. Hawakuwa na mistari. Hawakuwa na chochote. Ulikuwa unaona moyo ukipiga, unaona chakula kikishuka. Niliachwa nao peke yangu kila mchana, nikiosha, na kila nikigeuka nilikuta wamejipanga kwenye kioo upande wangu. Nikienda kushoto, wanakuja kushoto. Wenzangu walisema ni njaa tu. Lakini mimi nilikuwa naimba kwa sauti ili nisiwasikie. (Samaki hawana sauti. Najua.)

Riziki alinifungia mkoba. Nikamwambia aweke na bluzi yangu nyeupe ya maabara.

"Ya nini?" akauliza.

"Wakiona bluzi watanyamaza, nitawaeleza kisayansi, yataisha."

"Nenda," akasema. "Lakini tafadhali, leo sema kidogo."

Tukaondoka na Shabani. Shabani ni mtu mzima, ana ndevu hadi kifuani na watoto sita, na hajawahi kunyamaza tangu nimjue. Hadi Wamaza alinyamaza mara mbili tu, kwenye daraja la magogo ambalo gogo moja lilikuwa limekwenda na maji, na kwenye kipande cha msitu baada ya hapo. Ukungu ulikuwa haujaondoka ingawa jua lilishapanda. Hapakuwa na ndege. Nilikuwa nasikia pikipiki yetu tu, na mwangwi wake, na kuna wakati mwangwi ulikuja upande usiostahili, mbele yetu.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Sikusikia kitu," akasema Shabani. Akaongeza mwendo.

Wamaza tulisimama ninunue ndizi. Mama muuzaji hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu. Halafu akamwuliza Shabani, si mimi, "Ni yeye?"

"Ni yeye mwenyewe!" Shabani akajibu kwa fahari, kana kwamba ananitangaza mshindi wa kura.

Yule mama akaweka ndizi chini, mavumbini, akarudi nyuma hatua tatu. Nikatoa noti.

"Chukua tu, papa. Miye sitaki kitu ya ile mikono."

Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami. Toka hapo nikaanza kuona mambo. Mwanamke mwenye beseni la ndakala, vile vidagaa vikavu, kichwani aliposikia pikipiki alivuta kitenge akafunika beseni lake. Mzee wa baiskeli alishuka, akaingia majanini, akatupa mgongo mpaka tukapita. Kwenye kijiji kimoja watu walikuwa wanaongea. Tulipofika wakanyamaza wote kwa pamoja. Tulipopita, hawakuanza tena. Niligeuka kuhakikisha. Walikuwa wamesimama katikati ya barabara wakitutazama, midomo imefungwa.

"Profesere," Shabani akasema, safari hii kwa sauti ndogo, "huku uliwaambia kitu gani?"

Nikamweleza. Mwaka jana nikirudi kutoka kule nilipita kwa wakwe kutoa pole ya msiba. Wanaume walikuwa wamekaa karibu na bwawa. Wakaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani ugenini. Nikawaambia, "Mimi nakata jeni. Nikitaka samaki awe mweusi, anabaki mweusi. Nikitaka awe mweupe, anakuwa mweupe." Wakashangaa sana. Nikanogewa. Nikaongeza na mengine. Mwishoni nikainama, nikanawa mikono bwawani, nikaenda zangu.

Shabani alikaa kimya kwa mara ya tatu. "Ukanawa mu maji ya bwawa," akasema hatimaye.

"Nilikuwa nimekula maembe!"

"Sawa. Ukawaambie vile."

Tulifika kama saa tano. Kijiji chote kilikuwa bwawani na hapakuwa na kelele. Watu zaidi ya mia, na nilisikia nzi. Wanaume sita walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa chini na majembe, tayari kuukata ukingo ili maji yatoke. Pembeni yao palikuwa na shimo lililochimbwa upya na lundo la majivu. Shimo la kuzikia samaki. Lakini lilikuwa refu. Sikupenda urefu wake.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, kitenge kimemfunika kichwa, amenipa mgongo. Hilo ni la kawaida. Kwa kina Riziki mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, wala hamsemeshi moja kwa moja. Tukiwa na neno tunampitishia mtu wa tatu. Kilichonishtua ni furushi lililokuwa karibu na mguu wake. Sufuria, godoro lililokunjwa, taa. Vyote vimefungwa kwa kamba.

"Lile furushi ni la nini?" nikamwuliza kapita. Kapita, mkuu wa kijiji, ni mwanamume mfupi, mpole, anayeongea bila kupandisha sauti, na kwa hiyo anaogopesha sana.

"Karibu, mukwe," akasema. "Ni hivi. Kama samaki ni kazi yako, tunazika samaki, na weye hutakanyaga hapa tena. Kama hapana kazi yako, basi ni kazi ya mama. Mama atarudi kwa ndugu zake Kabambare leo leo. Watoto wa hapa wameota ile samaki siku tatu."

Mnaelewa? Nikisema ni mimi, bwawa linakufa na mimi nazikwa jina. Nikisema si mimi, mama wa mke wangu, aliyemzika mumewe mwaka jana, anafukuzwa kama mchawi. Nikafanya kitu pekee nilichojua kufanya. Nikavaa bluzi.

Nikakaribia maji.

Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, huoni kitu. Nikapiga hatua hadi ukingoni. Mara kitu cheupe kikapanda kutoka chini. Kingine. Kingine tena. Walikuja bila kurusha maji, weupe kama wali, macho mekundu, ukubwa wa kiganja, wakajipanga ukingoni miguuni pangu. Ishirini na kitu. Wakafungua midomo. Wakafunga. Wakafungua.

Nikasogea kushoto. Wakasogea kushoto.

Watu nyuma yangu wakavuta pumzi. Mtu akasema maneno ya Kibangubangu ambayo sikuyaelewa na sikutaka kuyaelewa.

Nikarudi kulia. Wakarudi kulia. Nyuma yao, chini kidogo, niliona wale weusi, wakubwa zaidi, nao wamekuja, wametulia.

Bibi mmoja aliyesimama karibu akasema taratibu, "Tangu Papa Dokta alikufa, hii samaki haijakuja kwa mutu. Hata kwa mama haikuji. Anatupa pumba, inangojea aende ndiyo inakula."

Jamani. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimewafundisha watoto wenu kwamba hofu ni homoni. Lakini pale, saa sita kasoro, jua kali, nilisikia baridi ikipanda kutoka kwenye visigino. Na nikaanza kufikiri jambo la kijinga. Vipi kama nilileta kitu? Vipi kama baada ya miezi mitatu ya kuosha yale mabeseni kulikuwa na kitu kwenye kucha zangu, ule mkasi usioonekana, na nikaunawia humu? (Haiwezekani. Niliwahi kusoma kwa nini haiwezekani. Ila pale sikukumbuka hata herufi moja.)

"Mukwe," akaanza kapita nyuma yangu. "Mwaka ile ulisema hapa hapa. Masikio yangu ilisikia. Nikitaka samaki ikuwe nyeupe, inakuwa nyeupe. Ulisema ao hukusema?"

"Nilisema, papa."

"Kisha ukanawa mikono mu hii maji. Ulinawa ao hukunawa?"

"Nilinawa, papa, lakini..."

"Ni vizuri. Basi tengeneza ingine tuone."

Akaletwa tilapia mweusi ndani ya beseni. Mzima, mnene, anapumua. Likawekwa mbele yangu kama mtihani wa serikali. Watu wote wakasogea.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikaanza somo. "Wapendwa, kwanza tuelewe jeni ni kitu gani. Mwilini mwa kila kiumbe..."

"Tengeneza," akasema kapita kwa upole.

"Si kazi ya mara moja, papa. Inafanywa kwenye yai, siyo kwa samaki mkubwa. Halafu lazima kuwe na mkasi..."

Shabani, rafiki yangu, ndugu yangu, akamgeukia fundi cherehani wa kijiji aliyekuwa palepale. Fundi akatoa mkasi mfukoni. Shabani akaniletea, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Profesere. Mukasi."

Nikaupokea! Kwa nini niliupokea? Nimejiuliza swali hilo tangu saa sita hadi sasa. Nilisimama na bluzi nyeupe, mkasi wa kukatia kitenge mkono wa kulia, nikamwinua tilapia kwa mkono wa kushoto, watu zaidi ya mia wamenyamaza, na wale weupe miguuni wanafungua midomo na kufunga. Nikafikiri, nitamgusa tu mkiani, niseme matokeo yataonekana baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo Mungu atakuwa ametoa njia.

Tilapia hakukubali. Alinipiga kofi la mkia, hapa, kwenye shavu. Nikarudi nyuma. Nyuma palikuwa na utelezi.

Niliingia majini chali, na mkasi, na samaki, na bluzi.

Maji yalinifika kifuani nilipoweza kusimama. Tope lilikuwa limekamata viatu. Bluzi ilikuwa imefunguka na kuelea pande zote kunizunguka, na wao wakaja. Wote. Sikuwaona tena, niliwahisi. Midomo midogo, baridi, kwenye pindo la bluzi, kwenye mikono, kwenye shingo. Hawakuuma. Walikuwa wanavuta. Wanavuta taratibu, kwa pamoja, kama watu wanaomwita mtu waliyekuwa wakimngojea.

Na mimi, baba wa familia, mwenye diploma, nikapiga kelele zilizosikika hadi Kabambare:

"Sio mimi! Sikukata kitu! Sijawahi kukata kitu! Nilikuwa naosha mabeseni! MABESENI TU!"





Halafu sauti ya Shabani, juu, ukingoni: "Mabeseni?"

"Mabeseni," nikasema.

"Miezi mitatu yote?"

"Shabani, nitoe humu."

"Siku ile ulininunulisha bia ya pongezi, ilikuwa ya mabeseni?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu bibi yule. Halafu wote, hata wale wa majembe, wakajishika magoti. Kapita peke yake hakucheka. Alichuchumaa ukingoni uso wake ukawa sawa na wangu.

"Sasa umesema kweli," akasema. "Uso yako imebadilika. Basi tuambie. Kama hapana weye, ni nani?"

Nikaangalia kwa mama mkwe. Bado alikuwa ametupa mgongo, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kamba ya furushi. Kicheko kilikuwa kinazima. Nikaona kwamba tumerudi palepale, ila sasa zamu ni yake. Nikasahau kuona aibu. Nilibaki humo humo kwenye maji, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka kule nikasema tu ninachokijua.

"Papa kapita, uliza mama, hii samaki ilitoka wapi mwanzo."

Kapita akamtuma Shabani. Shabani akaenda mlangoni, akainama, akasikiliza, akarudi. "Mama anasema Papa Dokta aliileta kwa ndoo moja, toka Kasongo. Wawili. Wengine walikufa njiani. Toka siku ile hawakuongeza hata moja."

"Wawili tu," nikasema. "Baba na mama. Watoto wao wakazaa na nani?"

Watu wakatazamana.

"Wakazaa wao kwa wao," nikasema. "Dada na kaka. Halafu watoto wa dada na kaka, tena wao kwa wao. Miaka yote hii, ukoo moja mu shimo moja."

"Ee!" akasema bibi yule, akaziba mdomo. Akina mama wawili wakatema mate chini. Hilo kila mtu alilielewa bila ubao wala chaki.

Nikaendelea. Rangi nyeusi samaki anairithi mara mbili, kwa baba na kwa mama. Ikiwa mbovu upande mmoja, upande wa pili unafanya kazi na hamuoni kitu. Lakini ndugu kwa ndugu wamebeba ubovu ule ule. Wakizaana sana, siku moja anatokea mtoto aliyepewa mbovu mbili. Rangi haiji. Kule maabara wanaivunja jeni ile makusudi, hapa imevunjika yenyewe. Hakuna aliyeroga. Si mimi, si mama.

"Na kwa nini inakufuata?" akauliza kapita.

Nikajitazama. Kitambaa cheupe kinaelea kunizunguka, na wao bado wanakivuta.

"Papa Dokta alikuwa anawapa chakula amevaa nini?"

Wote wakaiangalia bluzi. Alikuwa anapita bwawani kila asubuhi akielekea kazini, na bluzi yake. Wale weusi wakubwa walimjua. Wadogo wamewafuata wakubwa. (Hiyo ni sayansi. Bado nilitaka kutoka humo haraka.)

Kapita akasimama. Akasema maneno ni mazuri lakini kinywa kina ushahidi wake. Huku kwetu mnajua, mwenye chakula anaonja kwanza, ndiyo wageni wanajua hakina sumu. Akaamuru samaki mmoja mweupe achomwe. Aonje mwenye bwawa, aonje na mkwe, watu wote wakiona.

Mbele ya mama mkwe? Nile mbele ya mama mkwe, na yeye ale mbele yangu? Hata wenye majembe walitazama chini. Nilitolewa majini, nikavalishwa koti la mvua la Shabani, na ile bluzi ikaanikwa kwenye kamba ya nguo. Kigoda cha pili kikaletwa. Tukakalishwa mgongo kwa mgongo, mimi nikiangalia bwawa, yeye akiangalia nyumba yake. Maji yangu yalimlowesha kitenge. Hakusogea.

Nyama ilikuwa tamu, ndugu zangu. Tamu kabisa. Nilimsikia nyuma yangu akitafuna polepole, na mfupa mmoja mmoja akiuweka kwenye sahani, hadi akamaliza. Watu waliangalia wakihesabu pumzi zetu. Hatukufa. Wanaume wakainua majembe begani, mmoja mmoja, wakaanza kuondoka. Kapita aliliangalia furushi, akamwambia mtu alifungue, akasema mkwe alete samaki wa ukoo mwingine kabla ya mvua.

Ndipo mama mkwe akaongea. Hakumwita Shabani. Aliongea na mlango wa nyumba yake, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Mukwe. Ile bluzi, uiache pale kwa kamba."

Nikageuza macho. Kamba iko upande wa juu wa bwawa. Upepo ulikuwa umeshaanza kuipulizia bluzi mikono. Chini yake, majini, samaki wote walikuwa wamehamia upande ule, weupe mbele, weusi nyuma, wametulia, wakiangalia juu. Mama mkwe alisimama, akachota pumba, akatembea hadi pale akasimama chini ya bluzi. Akatupa pumba. Hawakukimbia. Walikula mbele yake, na yeye akaanza kuwasemesha kwa sauti ndogo, maneno ambayo hayakuwa ya samaki.

Nikapanda kilima.

Haya, nimemaliza. Riziki ukisoma hapa, mama yuko salama, na ule uprofesa tusiuzungumzie. Ninyi wengine sikatazi mtu kucheka. Ila anayetaka kucheka aje kwanza asimame pale ukingoni peke yake, amevaa nyeupe. Halafu acheke.